Kazi ya Masista ni Nini?

Watu wakisikia kwamba katika mtaa fulani mna nyumba ya masista, huuliza mara moja, "Je, wana hospitali, au wana shule?" Wasipoonyeshwa hospitali wala shule hushangaa, kana kwamba masista hao wanakaa bure. Chukueni mtaa wa Kibenga, upande wa kusini wa Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika. Masista wa mataifa mbalimbali wakiishi pamoja katika mtaa kama huo, mpita njia huona ukuta, lango na nguo zilizoanikwa, akasema, "Hapa hakuna kazi." Mimi nasema kazi ipo, nayo ni ngumu kuliko kupiga sindano.

Tutazame maisha yao. Sista hachagui nyumba wala wenzake. Hutumwa na wakubwa wa shirika. Mshahara, kama anao, huingia katika mfuko mmoja. Shirika la Masista Weupe, lililoanzishwa na Lavigerie huko Aljeria mwaka 1869, tangu zamani limependa kuchanganya mataifa katika nyumba moja. Tuseme mmoja ni Mkongo, wa pili Mpoland, wa tatu Mtanzania. Huyu ataka ugali, yule ataka supu, na wa tatu huamka alfajiri akigonga masufuria. (Asiyepata kukaa na mgonga masufuria asidhani nafanya mzaha.) Lugha ya mezani mara nyingi si lugha ya mama wa hata mmoja wao. Wakigombana jioni, asubuhi watapiga magoti kanisani bega kwa bega.

Sasa fikirini nyumba ya namna hiyo katika Burundi, nchi ambayo mwaka 1972, na tena tangu mwaka 1993, watu wengi mno waliuawa kwa kuwa Wahutu au kwa kuwa Watutsi. Jirani aliyeyaona hayo, akiwaona wanawake wasio na udugu wa damu wakila chungu kimoja, aona jambo ambalo serikali haiwezi kuliamuru kwa sheria.

Kaskazini mwa mji huo huo uko mtaa wa Kamenge. Huko, tarehe 7 Septemba 2014 na usiku wake, waliuawa masista watatu wa shirika la Wamisionari wa Maria, yaani Waxaveri: Lucia Pulici, Olga Raschietti na Bernadetta Boggian. Walikuwa Waitalia, wote wamepita miaka 70. Kabla ya kuja Burundi walikuwa wamefanya kazi Kongo miaka mingi. Maiti zao hazikurudishwa Italia. Zilivushwa mpaka zikazikwa Bukavu. Desturi yetu ni mtu kuzikwa kwao. Basi semeni wenyewe, kwao ni wapi?

Lakini tusiwapambe mno. Mwaka 2001 mahakama ya Brussels iliwatia hatiani masista wawili Wabenedikto wa Sovu, Rwanda, kwa sehemu yao katika mauaji ya mwaka 1994. Hao nao walikuwa na nadhiri, na zaburi walisali. Vazi peke yake halimlindi mtu. Kukaa pamoja hufanyiwa kazi kila siku, kama shamba, na ndiyo sababu nakataa kusikia kwamba ni kukaa bure.

Jambo hili latuhusu sisi wanafunzi. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa, na vijana 40 wakauawa. Sidhani walijifunza kukataa asubuhi ile. Walijifunza mezani na bwenini, siku nyingi kabla.

Nasi je? Shuleni kwetu kila mmoja hutafuta kitanda karibu na mtu wa kwao, na chakula huliwa vivyo hivyo, kila kabila na kona yake. Napendekeza kwamba toka muhula ujao orodha ya mabweni na ya meza iandikwe na walimu, wala mwanafunzi asipewe nafasi ya kuchagua. Nasikia wengine wakisema Kidato cha Nne waachwe, kwa kuwa wamekwisha kuzoeana. Mimi naona hao ndio waanze.