Kuwacheka Wasemao “Pijo”

Imezuka desturi mbaya katika vijiji vyetu, nami siwezi kuinyamazia. Wako vijana wapendao motokaa, na kupenda motokaa si dhambi. Wanajua majina ya kila namna ya gari, na mwaka wa kutengenezwa kwake, na nguvu ya injini yake. Lakini maarifa hayo wameyageuza kuwa fimbo ya kuwapigia wenzao. Mzee akisema “Pijo,” wanacheka. Mama akisema “Landrova,” wanamsahihisha mbele za watu. Mtu akisema “madigadi,” wanalirudia neno lake kwa kejeli mpaka jioni. Kwao, asiyelitamka jina la gari kama wao ni mshamba, wala hawezi kuwa na neno la maana juu ya gari lenyewe.

Mimi nasema desturi hiyo haina elimu, haina haki, tena ina hatari. Nitaeleza moja moja.

Kwanza, haina elimu. Wachekaji hudhani kwamba wao wanayatamka majina kama wenyewe walioyatengeneza magari. Sivyo. Peugeot ni jina la jamaa moja ya Ufaransa, na Wafaransa husema karibu na “Pezho,” kwa sauti ya kati ambayo haimo katika Kiswahili. Kijana asemaye “Pyujo” yuko mbali na Mfaransa sawasawa na mzee asemaye “Pijo.” Porsche ni jina la Ferdinand Porsche, na Wajerumani hulitamka kwa silabi mbili, “Porshe.” Vijana wetu wamewasikia watu wa Kiingereza wakilikata mkia kuwa “Posh,” nao humcheka asemaye “Poshe.” Kumbe anayechekwa ndiye aliye karibu na mwenye jina! Na Land Rover, gari lililoonyeshwa kwanza mwaka 1948, ni la Waingereza, ambao wengi wao hawaisikizishi ile herufi r ya mwisho. Basi mama asemaye “Landrova” amewafuata Waingereza kuliko yule aizungushaye r mdomoni kama jiwe la kusagia.

Tena hao wenye magari wenyewe hawapatani. Mazda ni kampuni ya Japani, na Wajapani hulitamka jina hilo “Matsuda,” kama jina la mwanzilishi wake, Jujiro Matsuda. Ulimwengu mwingine wote husema “Mazda,” wala hakuna aliyeaibishwa. Jamaa ya Toyota jina lao ni Toyoda, lakini mwaka 1936 jina la magari liliwekwa kuwa Toyota, nalo likashika hivyo. Hyundai ni neno la Kikorea lenye maana ya mambo ya kisasa. Waingereza walikuwa wakisema “Hai-yundai,” na wengi Marekani husema “Handei.” Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitoa matangazo huko Uingereza ili kuwafundisha watu tamko lililo karibu na la Kikorea. Je, Waingereza hao waliitwa washamba? Hata kidogo. Walifundishwa kwa upole, kwa kuwa ni wanunuzi.

Pili, desturi hiyo haina haki, maana inahesabu kuwa kosa jambo ambalo ni kanuni ya lugha. Kila taifa likipokea neno geni hulivika nguo za nyumbani. Silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Kwa hiyo tunasema breki, jeki, gereji, pancha. Waingereza wana neno lao la bati linalokinga tope la gurudumu, nalo huanza kwa sauti ya “ma.” Babu zetu walilisikia, wakaona hiyo “ma” ni ile ya matunda na mayai, wakasema: moja ni digadi, mengi ni madigadi. Vivyo hivyo maneno ya Kiingereza yanayomwamuru dereva ashike kushoto yalizaa neno letu kipilefti, na vikiwa vingi ni vipilefti. Mtu akisema huo ni ujinga, na aniambie kwanza kwa nini husema kitabu na vitabu, maana kitabu nacho ni neno la Kiarabu lililotendewa hivyo hivyo. Huo si ujinga, ni sarufi inayofanya kazi yake.

Tena watazameni Wajapani. Neno la Kiingereza la breki wao hulisema “bureeki,” na tairi huliita “taiya.” Je, magari yao hayasimami? Tena hao vijana wetu wenyewe husema “dereva,” neno lililotoka kwa Waingereza na kugeuzwa sana njiani. Mbona hawajicheki? Na gurudumu la kuongozea gari huliita usukani, jina lililochukuliwa kutoka kwenye jahazi na kupandishwa barabarani, nalo linatosha kabisa. Waingereza nao wamechukua kwetu neno safari, wakawaita kwa neno hilo wenye kushindana kwa magari Afrika Mashariki tangu mwaka 1953. Wanalitamka kwa ulimi wao. Sisi hatukuwacheka.

Labda mtu atasema, “Mwalimu, basi kila mtu aseme apendavyo, na shule zifungwe?” La, sikusema hivyo. Liko kosa la tamko, na liko kosa la maana, nayo ni mambo mawili. Mtu akitia petroli katika injini ya dizeli, injini itaharibika, hata kama ametamka kwa ufasaha wa ajabu. Huyo apigiwe kelele mara moja. Na mtu akiagiza spea kwa barua, aliandike jina la gari kama lilivyoandikwa na wenyewe, pamoja na nambari zake, asije akaletewa kitu kisichofaa. Hayo tutawafundisha watoto kwa bidii. Lakini kumfundisha mtu ni kazi moja, na kumwaibisha ni nyingine. Kuuliza si ujinga. Ila mahali panapochekwa, hakuna aulizaye.

Tatu, desturi hiyo ina hatari, na hapa nina neno la kuungama. Mwaka juzi nilipanda gari la abiria kwenda mjini. Utingo alikuwa kijana niliyemfundisha darasani, mtaratibu, mwenye jicho kali. Tuliposimama kupakia mizigo aliinama penye gurudumu la nyuma, akaona maji maji upande wa ndani. Akamwendea dereva, akasema, “Kaka, selenda ya breki inavuja.” Alitaka kusema silinda. Dereva akacheka. Abiria wawili waliojiona mabingwa wa magari wakaimba, “Selenda! Selenda!” mpaka gari zima likacheka. Nami, mwalimu wake, nilitabasamu. Kijana akashusha macho, akapanda, akafunga mlango.

Tulipokuwa tukiteremka kilima dereva alikanyaga breki, nayo ikazama mpaka chini bila kushika. Akaingiza gia ya chini, akaligongesha gari kwenye ukingo wa barabara, likasimama kwa kuinama. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu, ila mama mmoja alivunjika mkono, naye alikuwa akienda mjini kuuza mihogo ili alipe ada ya mtoto wake. Baadaye nilimwuliza yule kijana kwa nini hakusema tena. Akanijibu, “Mwalimu, nilitaka kusema, lakini niliona haya.” Jibu hilo silisahau. Hakuikosa maana; alikosa irabu mbili tu. Sisi tuliosema “silinda” vizuri ndio hatukuelewa alilosema.

Wasomaji mnaijua habari ya vivuko vya Yordani, katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi walimtaka kila mpitaji aseme Shibolethi. Na Mwefraimu, ambaye ulimi wake haukuweza sauti ile, alisema Sibolethi, akauawa. Wakaanguka watu 42,000 wa Efraimu, nao walikuwa ndugu, wana wa Israeli wote pamoja. Sisi hatushiki upanga kivukoni. Lakini kila tunapomnyamazisha mtu kwa sababu ya sauti ya neno lake, tumesimama katika vivuko vile vile.

Nimalizie kwa habari ya jina moja la gari. Mjerumani August Horch aliacha kampuni yake, akaanzisha nyingine mwaka 1909, asiruhusiwe tena kulitumia jina lake mwenyewe. Husimuliwa kwamba wakubwa walipokuwa wakishauriana, mvulana wa shule, mwana wa mmoja wao, aliyekuwa akijifunza Kilatini chumbani humo, aliwapa shauri. Horch kwa Kijerumani ni kama kusema sikiliza. Basi kwa nini lisigeuzwe kwa Kilatini kuwa Audi? Wazee wale hawakumcheka mtoto. Walilipokea neno lake, na mwaka 1910 magari yao yakaitwa hivyo.

Enyi vijana mpendao motokaa, jina hilo mnalijua sana, na mnabishana kama ni “Audi” au “Odi.” Acheni kubishana juu ya sauti yake, mkatende maana yake. Utingo akisema selenda inavuja, shukeni mkatazame gurudumu. Nami nitaanza darasani mwangu.