Kupanga Chumba Mpakani

Wenzangu wa shule, na ninyi wazee wetu mliokwisha kutoka hapa, naomba nafasi niseme machache juu ya jambo ambalo halifundishwi darasani, nalo ni kupanga chumba. Labda mtauliza, kijana wa miaka kumi na tisa alalaye bwenini ajua nini habari za kodi? Najibu kwamba nimelelewa katika vyumba vya kupanga, katika Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na mpaka leo sijapata kulala katika nyumba iliyo mali ya jamaa zangu, isipokuwa kwa babu huko Samia wakati wa matanga.

Mgeni akifika Busia hudhani ni mji mmoja. Ni miji miwili yenye jina moja, nayo imepakana kama wanawake wawili wanaotumia jiko moja. Kabla ya mwaka 1902 nchi yote ya kutoka hapa mpaka Bonde la Ufa ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliikata na kuitia upande wa pili, na Wasamia na Wateso wakajikuta huku na huko bila kuhama. Tangu siku hizo watu wetu wamekuwa wakivuka mpaka kama mtu avukavyo ua wake. Hata neno bodaboda, ambalo sasa lasemwa Afrika ya Mashariki nzima, lilizaliwa hapa kwa watu wa baiskeli waliobeba abiria toka mpaka hata mpaka. Soko la Pamoja la Jumuiya lilianza tarehe 1 Julai 2010, na tarehe 24 Februari 2018 marais wa nchi mbili walifungua kituo cha pamoja cha Busia, hata siku hizi msafiri akaguliwa mahali pamoja badala ya pawili. Yote hayo ni mema. Lakini kodi ya nyumba haikufunguliwa kituo chochote.

Chumba ninachokisema wengi wenu mwakijua. Ni kimoja katika safu ya vyumba sita au kumi, bati juu, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja ambacho ufunguo wake hupotea kila Jumamosi. Upande wa Uganda huitwa muzigo. Upande wa Kenya husema mtu anakaa ploti fulani. Mwenye chumba humtaka mpangaji alipe miezi mitatu mbele kabla hajaingiza hata ndoo. Watu hulaumu sana desturi hii. Mimi pia nailaumu, walakini yafaa kwanza niseme imetoka wapi, na katika kusema hayo nitaaibika kidogo.

Nilipokuwa darasa la tano tulikaa ploti moja upande wa Kenya. Kodi ilikuwa shilingi 1,500 za Kenya kwa mwezi. Biashara ya mama ilianguka, tukawa na deni la miezi miwili. Usiku mmoja mama akaniamsha, akaniambia, “Vaa viatu, usiseme neno.” Godoro lilifungwa juu ya baiskeli, sufuria zikatiwa ndani ya gunia na matambara katikati zisilie, nasi tukavuka kwa njia ya panya. Kulipokucha tulikuwa wapangaji wa Uganda. Mwenye nyumba yule alikuwa mtu mpole, aliyetuvumilia muda mrefu. Angefanya nini? Mzee wa mtaa wake hana amri ng’ambo, na gharama ya kututafuta ingezidi deni lenyewe. Basi mwenye nyumba wa mpakani akidai miezi mitatu, huenda adai deni letu sisi.

Sasa tazameni upande wa pili. Mama yangu mdogo huuza omena katika soko la Sofia, Busia ya Uganda. Mwezi wa Oktoba uliopita alipanga chumba huko kwa shilingi 70,000 za Uganda, akalipa miezi mitatu, yaani 210,000, mkononi mwa mwenye nyumba, bila karatasi yo yote. Alipoombwa risiti, yule bwana alisema, “Mama, kwani huniamini?” Na nani huku kwetu awezaye kumjibu mtu mzima kwamba hamwamini?

Desemba nilikwenda likizo kwake. Wiki ya kwanza mwenye nyumba alikuja akasema, “Kuanzia mwezi huu kila mtu aniletee fedha za Kenya, elfu mbili na mia nane.” Mama mdogo akamwambia kwamba Desemba amekwisha lipa. Yule bwana akasema hapana, amelipa Oktoba na Novemba tu. Mimi nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Wabadilishaji fedha siku ile walitoa shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, kwa hiyo 2,800 ni sawa na 78,400. Kodi ilikuwa imepanda kwa 8,400, na neno kupanda halikutamkwa hata mara moja! Huu ndio ujanja wa mpakani: bei hubadilishwa kwa kubadilisha sarafu, na mpangaji ambaye si mwepesi wa hesabu huona kama hakuna kilichotokea.

Mama mdogo alikataa. Jioni tuliporudi sokoni tukakuta kufuli geni mlangoni, na magunia mawili ya omena ndani. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC I, mtu mwenye adabu, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Karatasi iko wapi?” Hatukuwa nayo. Akamwuliza na mwenye nyumba, naye hakuwa nayo. Mwenyekiti akasema hawezi kuhukumu kati ya ndimi mbili. Tulilala kwa jirani siku tatu. Siku ya tatu mwenye nyumba alifungua mlango mwenyewe, kwa sababu wapangaji wengine walimjia juu kwa harufu. Omena ndio waliotutetea. Lakini fedha ya Desemba haikurudi.

Niliporudi shuleni nilitafuta sheria, maana nilikuwa na uchungu. Uganda ina Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022. Yasema kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ya 70,000 isingepita 77,000. Yasema kodi ihesabiwe kwa shilingi ya Uganda isipokuwa wawili wapatane vingine, na kwamba mpangaji hafukuzwi bila amri ya mahakama, basi kufuli lile lilikuwa kosa. Lakini sharti la kuandika mapatano laanza kwenye thamani ya shilingi 500,000, na chumba cha 70,000 kwa mwezi chaonekana mbali sana na hapo. Kenya nako ina sheria ya kuzuia kodi tangu mwaka 1959, yenye baraza lake la kusikiliza mashauri, nayo yahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haipiti shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vya watu kama sisi vimo. Lakini ni nani auzaye omena atakayeacha meza yake sokoni kwenda kutafuta baraza?

Rafiki yangu mmoja wa bweni asema dawa ni serikali kujenga nyumba. Sawa, na zijengwe. Mimi nasema juu ya Jumamosi ijayo.

Maneno yangu hasa ni kwenu, wazee wa shule. Mkija siku ya sherehe twasikia mkizungumza chini ya miembe: fulani amejenga vyumba vinane Malaba, fulani kumi na viwili karibu na Mwamba wa Tororo. Twawasifu, maana si kazi ndogo. Lakini ninyi mlifundishwa kuandika katika madawati haya haya, na nina hakika kwamba wengi wenu hamtoi risiti. Kwa nini? Kitabu cha risiti ni bei ya sahani mbili za wali. Mkiogopa mpangaji atakayehama usiku, basi msimtoze miezi mitatu. Mtakeni barua ya mwenyekiti wa LC, au ya mzee wa Nyumba Kumi akitoka Kenya, na jina la ndugu mmoja anayejulikana pande zote mbili. Mtu hukimbia deni kwa urahisi, ila kumkimbia shemeji yake ni vigumu. Sisi tusingalivuka usiku ule kama barua ya babu ingalikuwa mkononi mwa mwenye nyumba. Tena iandikwe ni shilingi ya nchi gani. Na kodi ikitumwa kwa simu ni heri kuliko mkononi, kwa kuwa simu haisahau Desemba.

Mtasema kijana huyu anatufundisha kazi yetu. Nisameheni.

Mama mdogo sasa amepanga upande wa Kenya kwa shilingi 2,400, na kila asubuhi avuka kwenda Sofia. Mapatano niliyaandika mimi kwenye ukurasa wa daftari, nakala mbili, na jirani akatia sahihi kama shahidi. Mwenye nyumba alisoma polepole, akauliza kama naweza kumwandikia na ya vyumba vingine saba. Niliandika mpaka saa nne ya usiku, akaninunulia soda.

Ploti ile tuliyoihama usiku haiko mbali na hapo. Mama asema deni tutalilipa nikipata kazi, nami nimeliandika ndani ya jalada la kamusi yangu: 3,000. Yule mzee bado yu hai. Nilimwona sokoni kabla sijarudi shuleni. Alinipa mkono, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nami nikataja jina la babu tu.