Mahakama iko Arusha, mlango umefungwa

Hivi jamani, hukumu ina maana gani kama aliyeshindwa ndiye anayeshika ufunguo?

Mchungaji Christopher Mtikila alidai haki ya mgombea binafsi. Mahakama Kuu ikampa mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba. Ikampa tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, wakaamue wabunge. Akapeleka kesi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo hapo Arusha. Juni 14, 2013 akashinda. Oktoba 2015 akafariki. Uchaguzi wa mwezi ule ukapita, wa 2020 nao ukapita: bila chama hugombei.

Serikali ikafanya nini? Novemba 2019 ikafuta tamko la 2010 lililomruhusu mwananchi kwenda kushitaki huko mwenyewe. Mkataba haikuutoka, wala Mahakama haikuihamisha. Aliyetolewa nje ni mwananchi.

Vigogo watapiga kelele: uhuru wa taifa! Nani aliwalazimisha kutia saini? Taifa ni wananchi, na serikali haina uhuru wa kuwavunjia ahadi. Tamko lirudishwe, hukumu itekelezwe. Mlalahoi naye awe na pa kukimbilia.