Kabla hamjatuletea tripodi nyingine kubwa

Tuanze na mama mmoja wa Kakuma 2. Jina lake hatulitaji, mwenyewe hakupenda. Alikubali kutusimulia safari yake kutoka Fizi. Akapika chai, akavaa kitenge kipya, akakaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba. Sisi tukaweka kamera juu ya tripodi tuliyonunua Sh1,800. Dakika ya kumi na mbili hivi, alipofika kwenye habari ya kaka yake, upepo ukapiga, mguu mmoja wa tripodi ukaingia ndani, kamera ikaenda chini. Lenzi ikapasuka. Mama akashtuka, akauliza kama tumeumia, akatupa pole sisi. Halafu akanyamaza. Tumerudi kwake mara mbili na kamera ya kuazima, ametupokea vizuri, chai ametupa. Habari ya kaka yake hajaisema tena.

Kwa hiyo mtu akituambia tripodi ni anasa ya wapiga picha wa mjini, hatukubali.

Baada ya ajali ile, shirika moja lilituonea huruma na kutuletea tripodi ya maana, zile za watu wa televisheni. Uzito wake karibu kilo saba, begi lake linazidi mita moja. Kitu kizuri, hatuna ubishi. Lakini inakaa stoo ya ofisi. Kuichukua lazima usaini fomu, na ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Sasa nyinyi mnaoishi hapa mnajua: saa kumi na moja ndipo jua la Turkana linaanza kuwa na huruma na nyuso za watu zinaonekana vizuri kwenye picha. Harusi ni Jumamosi. Mechi ni Jumapili. Msiba hausubiri Jumatatu. Kwa mwaka mzima ile tripodi imetoka mara nne, na mara mbili kati ya hizo ilitoka kwa sababu wageni walikuja kututembelea na walitaka kuona tunaitumia.

Msituelewe vibaya, tunashukuru. Tunachosema ni kwamba hakuna aliyetuuliza. Angetuuliza, tungesema tunataka ndogo, ya kukunjwa, inayoingia begi la shule, inayobebwa na binti wa miaka kumi na saba kwa miguu kutoka Kakuma 1 mpaka Kakuma 4 bila kuomba msaada wa mtu. Ukibeba begi refu jeusi begani kila mtu anakugeukia, na ukipanda nalo bodaboda linagonga watu njiani.

Mwishowe tulichanga wenyewe. Miezi mitano, Sh14,000, mtumba wa alumini, na kijana wetu aliyepata kibali cha kusafiri akatununulia Nairobi. Tuwaambie tulichagua vipi, maana kuna makundi mengine hapa na Kalobeyei yanaingia kosa letu lile lile.

Kwanza tuliacha kuangalia urefu. Kwenye tangazo kila muuzaji anajisifia tripodi yake inafika wapi juu. Lakini sisi tunahoji watu waliokaa. Kamera ikisimama mita moja na kidogo, iko sawa na macho ya mtu aliye kwenye kigoda, na hapo huhitaji hata kuvuta ile nguzo ya katikati. Nguzo hiyo ukiipandisha juu, kamera inakaa kwenye mti mmoja badala ya miguu mitatu, na upepo wa hapa hauna adabu. Kwa watoto tunataka miguu ifunguke kabisa, ilale karibu na mchanga. Picha za watoto wa kambini zilizopigwa kutoka juu, mtoto anatazama angani kama anaomba kitu, dunia inazo za kutosha.

Tulitaka ikikunjwa iwe kama sentimita 40, uzito kilo moja na nusu. Zile ambazo miguu yake inageuka juu na kukifunika kichwa ndizo zinafika kwenye kipimo hicho. Kuna wanaotafuta fupi zaidi, yenye miguu ya vipande vitano. Ona, kila kipande kinaingia ndani ya kingine, kwa hiyo cha mwisho kinakuwa chembamba kama kalamu, na hicho ndicho kinachokanyaga ardhi. Vipande vinne vinatosha. Ukiweza, kile cha chini kabisa usikifungue.

Kaboni? Wengi wetu tuliitamani. Ni nyepesi, na mtikisiko unakufa haraka. Lakini Peak Design ilipotoa tripodi yake ya safari mwaka 2019, ya alumini ilikuwa karibu dola 350, ya kaboni karibu dola 600, na tofauti ya uzito kati yao haifiki gramu 300. Chini ya chupa ndogo ya maji! Kwa hela hiyo ya juu tungepata lenzi ya mtumba. Tena alumini ikigongwa inabonyea, unaenda kwa fundi wa baiskeli anahangaika nayo. Kaboni ikipasuka, hapa Kakuma utampelekea nani?

Kwenye loki za miguu tuligombana kabisa. Kuna za kuzungusha na kuna za kubana kwa klipu. Wanaopenda za kuzungusha wanasema ni laini, hazinasi kwenye nguo, na wana haki. Lakini mchanga wetu ukiingia ndani unasaga kila ukizungusha, mpaka uifungue yote uioshe na kuikausha. Zaidi ya hapo, loki ya kuzungusha huwezi kujua kwa macho kama imekaza. Mguu ulioingia ndani siku ile ulikuwa wa aina hiyo, na aliyeushika aliapa alikuwa ameukaza. Klipu unaiona imefunga au haijafunga, hata mgeni wa kundi aliyeingia jana anaona. Tulipiga kura, klipu ikashinda kwa kura moja, na walioshindwa bado wananung'unika. Klipu nazo zinalegea kwa muda, lazima uwe na ile spana ndogo ya pembe sita. Yetu tumeifunga kwa kamba kwenye begi.

Sasa kichwa. Hapa ndipo watu wanapotapeliwa, kwa sababu miguu unaiona lakini ubora wa kichwa umejificha ndani. Tulichagua kichwa cha gololi: gololi moja imekaa kwenye kikombe, unalegeza kitasa kimoja, kamera inageuka upande wowote, unakaza, basi. Kwa picha na kwa mahojiano ambayo kamera haisogei, hakuna kilicho haraka zaidi. Lakini ukitaka kufuata mchezaji anayekimbia na mpira, video itaruka ruka. Kwa kazi hiyo kile kichwa cha video chenye mkono mrefu kinakishinda, na hapo ile kubwa ya ofisini ingefaa sana, kama Jumapili stoo ingekuwa wazi.

Gololi mbovu utaijua hivi: unakaza, unaachia, kamera inainama polepole kama mtu anayesinzia. Na usiamini kilo zilizoandikwa kwenye boksi, maana watengenezaji hawana kipimo kimoja wanachofuata wote. Pima uzito wa kamera yako na lenzi, halafu tafuta kichwa kilichoandikwa kubeba angalau mara mbili au tatu ya hapo. Kisha ukijaribu. Kijana wetu kule dukani hakuwa na kamera. Akanunua maji ya lita moja, ambayo ni kilo moja, akaifunga chupa kwa kamba juu ya kichwa, akakiinamisha, akakaza, akatupigia WhatsApp. Tukaangalia ile chupa dakika mbili nzima, watu kumi tumezunguka simu moja. Mwenye duka alicheka sana. Vichwa viwili vilisinzia. Cha tatu hakikusogea, tukamwambia lipa.

Jambo jingine, hakikisha kichwa kinafunguka kutoka kwenye miguu. Nyingi zina skrubu ya inchi 3/8 hapo chini, na kamera yenyewe inashikwa na ya 1/4. Kikiharibika unabadilisha kichwa peke yake, miguu inabaki. Na kile kibamba kinachofungwa chini ya kamera kiwe cha aina ya Arca-Swiss, kwa sababu kampuni nyingi zinaifuata. Ukipata kibamba cha umbo lake peke yake, siku kikipotea tripodi imekuwa fimbo.

Upepo bado upo. Tunatundika begi lenye mchanga kwenye ndoano ya katikati, lakini tunaliacha liguse chini kidogo, kwani likining'inia hewani linayumba na kuitikisa kamera badala ya kuituliza. Mchanga wenyewe tunauokota palepale, ni kitu pekee hapa ambacho hakina foleni.

Kwa nini tumeandika kirefu hivi juu ya vyuma vitatu? Kwa sababu tangu ije tumeona kitu. Kamera ikisimama yenyewe, anayeuliza maswali anakaa chini, anashika kikombe cha chai, anamtazama mzee machoni. Mzee anaongea na mtu. Zamani alikuwa anaongea na simu iliyoshikwa mbele ya uso wake, na mwenye simu anaangalia kioo. Tena kufungua miguu, kusawazisha, kukaza, kunachukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo mtu anaona kabisa kwamba anaenda kurekodiwa. Bibi mmoja alituangalia tunafungua mguu wa pili akasema, "Wajukuu, leo hapana." Tukafunga. Na simu ya mfukoni, tungekuwa tumeshamchukua kabla hajafikiri.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, bajeti ya mwaka ujao ikifika kwenye "vifaa vya vijana", njooni mkae nasi nusu saa kwanza. Bei ya ile kubwa moja ingenunua ndogo kadhaa, kila eneo ikakaa kwa vijana wenyewe. Sisi ya kwetu tuna daftari: nani kachukua, saa ngapi, karudisha lini, loki zote zinafunga au la. Hadi leo haijapotea.

Ila kibamba tunacho kimoja tu, na skrubu yake imeanza kuliwa. Anayekuja kutoka Nairobi mwezi huu atuletee cha pili, cha Arca-Swiss. Hela tutamtumia kwa M-Pesa.