Kasri Kabla ya Bwawa

Wasafiri wafikao Jodhpur, mji ulio kando ya jangwa la Thar katika Bara Hindi, aghalabu huelezwa ya kwamba kasri la Umaid Bhawan, lenye vyumba 347, ni tunda la huruma: kwamba Maharaja Umaid Singh, alipowaona raia zake wamedhoofishwa na ukame, aliwapa kazi ya kujenga ili wale kwa ujira wao, wasidhalilike kwa sadaka. Habari hiyo ina ukweli, nami siikanushi. Walakini husimuliwa nusu.

Desturi yenyewe ilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1784, njaa ilipoikumba nchi ya Awadh, Nawabu Asaf-ud-Daula alianza kujenga Bara Imambara mjini Lucknow, ambayo ukumbi wake wa kati, wenye urefu wa kadiri ya mita 50, umeezekwa kwa tao lisilotegemea boriti hata moja. Wasimulizi wa mji huo husema kwamba makabwela walijenga mchana, na masharifu waliofilisika wakabomoa usiku, gizani, wasitambulikane nyuso zao. Iwe kweli au hekaya, maana haifichiki: mwenye njaa naye ana haya zake, na ujira humsitiri.

Umaid Singh aliweka jiwe la msingi mwaka 1929, na kazi ikaendelea hata 1943, maelfu ya watu wakichimba, wakichukua na kuchonga mawe ya mchanga yenye rangi ya dhahabu iliyofifia. Ramani ilichorwa na Henry Vaughan Lanchester, msanifu wa Kiingereza, naye aliweka kuba kubwa katikati na kuyapanga majengo mengine pande zake kwa ulinganifu mkali. Lakini fahari ya kasri, kwa maoni yangu, i katika mikono ya waashi, kwani mawe hayo yalichongwa kwa namna ya kuumana, ulimi wa hili ukiingia katika tundu la lile, pasipo chokaa ya kuyagandisha. Ndani mna marumaru ya Makrana, na picha za visa vya Ramayana zilizochorwa na Stefan Norblin, Mpolandi aliyeikimbia nchi yake ilipovamiwa mwaka 1939.

Basi huruma hiyo na ipimwe kwa insafu. Ukame huua kwa majira, na kazi iliyodumu miaka 14 haiwezi kuwa dawa ya njaa peke yake. Ilikuwa pia haja ya mtawala aliyetaka makao mapya. Tena raia wa jangwani hakupungukiwa na vyumba, alipungukiwa na maji. Bwawa la Jawai, lililokusudiwa kuyahifadhi maji hayo, Umaid Singh alilianza mwaka 1946, miaka mitatu baada ya kasri kwisha. Mwaka uliofuata akafariki, na bwawa halikukamilika hata 1957. Watetezi wake watasema kwamba uchongaji wa mawe huajiri watu wengi. Ni kweli, lakini na ujenzi wa bwawa nao wahitaji mikono mingi, na ujira wake ungenunua unga ule ule.

Serikali ya Uhindi ilipofuta posho za wafalme wa zamani mwaka 1971, makasri mengi yakawa mzigo kwa wenyewe. Hili lilinusurika kwa kugawanywa, sehemu moja ikawa hoteli, nyingine makumbusho, na nyingine ikabaki maskani ya jamaa ya Maharaja. Sioni aibu katika hilo. Ninalowaomba wanaowaongoza wageni ukumbini humo ni kwamba, wakiutaja mwaka 1929, wautaje na 1946.