Wateja waelezwe kwa nini miamala ya sarafu za kidijitali hukwama



Kampuni zinazotoa huduma za pochi na ubadilishaji wa sarafu za kidijitali haziwatendei haki wateja wake muamala unaposhindikana, kwani humwonyesha mteja ujumbe mfupi wa Kiingereza na kumwacha hapo, ilhali chanzo cha kasoro mara nyingi hubainika katika leja ya umma, yaani daftari la wazi la miamala yote, ambalo mteja wa kawaida hajaelekezwa namna ya kulisoma.

Katika mtandao wa Ethereum, kila muamala hulipiwa ada iitwayo gesi, ambayo hukatwa hata kama muamala, kwa mfano ubadilishaji wa sarafu, haukufanikiwa, kwa sababu kompyuta zinazohakiki miamala huwa zimekwisha kuifanya kazi hiyo. Mtu aliyezoea huduma za pesa kwa simu, ambako muamala usiofaulu haukatwi ada, huona ameibiwa. Sababu za kushindikana zinajulikana: huenda bei imebadilika kupita kiwango alichokubali mteja, au kikomo cha gesi kilichowekwa ni kidogo, au programu ya ubadilishaji haijapewa kibali cha kuchukua tokeni, yaani sarafu zilizotolewa juu ya mtandao huo, kutoka kwenye pochi. Wakati mwingine muamala hubaki ukisubiri tu, kwa kuwa miamala ya akaunti moja hufuatana kwa namba na uliotangulia, uliotengewa ada ndogo mno, umeziba njia.

Uhamishaji kutoka mtandao mmoja hadi mwingine una matatizo zaidi. Hufanywa kupitia daraja, yaani mfumo ambao kwa kawaida hufungia tokeni upande mmoja na kutoa mbadala wake upande wa pili. Anayetoa fedha kwenye mitandao ya Arbitrum au Optimism, iliyojengwa juu ya Ethereum, kwenda Ethereum kupitia daraja rasmi husubiri takribani siku 7, muda uliotengwa kwa ajili ya pingamizi, kisha hutakiwa kurudi kukamilisha utoaji huku akiwa na etha, sarafu ya Ethereum, ya kulipia gesi. Asiyeambiwa hayo mapema hudhani fedha zake zimepotea. Aidha, kwa kuwa anwani za Ethereum na za mtandao wa BNB Chain zina muundo uleule, ni rahisi kutuma sarafu ya USDT kwa mtandao usiokusudiwa: zikifika kwenye pochi ambayo mteja mwenyewe anashika funguo zake, huonekana akichagua mtandao sahihi, lakini zikifika katika soko la kubadilishia sarafu lisilohudumia mtandao huo, ni soko lenyewe tu linaloweza kuzirejesha. Madaraja pia huvamiwa, kama ilivyokuwa kwa daraja la Ronin mwezi Machi 2022, lilipoibiwa mali ya zaidi ya dola milioni 600.

Ukimya wa watoa huduma huwanufaisha matapeli, ambao hujitokeza wakijiita mafundi wa huduma kwa wateja na kumwomba mwenye shida yale maneno 12 au 24 ya siri ya kurejeshea pochi, na anayeyatoa hupoteza hata kile kilichokuwa salama.

Serikali haziwezi kusema kwamba jambo hili haliwahusu. Tanzania ilianzisha mwaka 2024 kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, na Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali hizo, inayoipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kuwasimamia. Penye kodi na leseni hapana budi pawepo pia ulinzi wa mlaji.

Kwa hiyo wasimamizi wanaombwa waweke masharti manne kwa kila anayepewa leseni: aeleze kwa Kiswahili sababu ya kila muamala ulioshindikana, aonyeshe, kabla mteja hajathibitisha, mtandao unaotumika, ada itakayokatwa hata muamala usipofaulu na muda wa kusubiri, awe na dawati la malalamiko lenye muda maalumu wa kujibu, na atangaze utaratibu wa kurejesha fedha zilizofika kwa mtandao usiohudumiwa. Hadi masharti hayo yatakapowekwa, kila mtumiaji ahifadhi namba ya muamala wake, aanze kwa kutuma kiasi kidogo cha majaribio, na asimpe mtu yeyote maneno yake ya siri.

Msomaji,
Mombasa