Permi ya gari: mwenye ulemavu apimwe kwenye usukani, asihukumiwe mlangoni

Mashariki mwa Kongo, mtu mwenye mguu mmoja akienda kuomba permi ya kuendesha gari, mara nyingi mtihani wake unamalizika mbele ya kuanza. Anatazamwa toka kichwa mpaka chini, magongo yake yanatazamwa, kisha anaambiwa kwa sauti ya huruma: «Papa, wewe utaweza namna gani?» Hapo mambo yamekwisha. Hakuna aliyemuweka kwenye kiti cha shofa. Hakuna aliyepima macho yake wala nguvu ya mikono yake. Mguu uliokosekana ndio uliotoa jibu.

Wakati huohuo, kila mkaaji wa Goma, Bukavu ao Bunia anajua kwamba kuna watu wenye miguu miwili wanaoendesha gari za abiria bila kukaa kwenye mtihani hata siku moja. Walitoa makuta, karatasi ikatoka. Huyo anaitwa shofa. Yule wa magongo anaitwa hatari. Yote mawili ni kosa moja: hakuna aliyepimwa. Mmoja alikataliwa bila kupimwa, mwingine akakubaliwa bila kupimwa, na wapita njia ndio wanaobaki katikati.

Jambo hili si dogo katika wakati huu. Vita vimewaacha watu wengi bila mguu ao mkono: kuna waliopigwa risasi, kuna waliojeruhiwa na mabomu, kuna waliokatwa mguu kwa sababu kidonda kilichelewa kufika hospitali. Waongeze wale waliopatwa na polio utotoni na wale walioumia katika ajali za barabarani. Kati yao wako waliokuwa motari, mashofa wa malori ya mizigo, ao mashofa wa teksi. Kazi ya barabara ndiyo waliyoijua. Leo wanakaa na familia zao katika kambi ao katika nyumba za watu waliowapokea, wanangojea msaada ambao haufiki kila mwezi. Kumwambia baba wa namna hiyo «hautaweza» bila kumjaribu ni kumuondolea ugali mezani mara ya pili.

Tuangalie gari lenyewe, kwa sababu wengi wanaosema «haiwezekani» hawajafikiria namna gari linavyoendeshwa. Gari la vitesi vya mkono lina pedali tatu: ambreyaji kwa mguu wa kushoto, breki na mafuta kwa mguu wa kuume. Gari la otomatiki lina pedali mbili tu, na zote zinakanyagwa na mguu wa kuume. Maana yake ni wazi: mtu aliyekatwa mguu wa kushoto anaweza kukalia gari la otomatiki na kuliendesha bila kubadilisha hata msumari mmoja. Na gari za otomatiki si ajabu kwetu. Zile zilizotumika Japani zinapita kila siku katika miji yetu.

Aliyekosa mguu wa kuume anahitaji pedali ya mafuta ihamishwe upande wa kushoto. Aliyepooza miguu yote miwili anaweza kutumia mkono: kunawekwa fimbo ya chuma karibu na usukani, ukiisukuma unapiga breki, ukiivuta unaongeza mwendo. Mwenye mkono mmoja anawekewa kishikio cha mviringo juu ya usukani ili auzungushe bila kuuachilia. Vyombo hivyo vimetumiwa miaka mingi katika inchi zingine. Mwaka 2016, Mfaransa Frédéric Sausset, aliyekatwa mikono na miguu yote kwa sababu ya ugonjwa, aliendesha pamoja na wenzake wawili katika mbio za saa 24 za Le Mans, na gari lao likafika mwisho. Nani angemtazama mlangoni na kusema ataweza?

Lakini ukweli una pande mbili, na upande wa pili lazima usemwe pia. Wako wanaotetea watu wenye ulemavu kwa kudai permi ya huruma: apewe tu, ameteseka vya kutosha. Hiyo si haki, ni hatari. Mtu ambaye mguu wake hauna hisia hajui kama amekanyaga breki ao mafuta mpaka aangalie chini, na shofa anayeangalia chini haoni mtoto anayevuka. Mguu wa bandia unaotelezateleza si wa kukanyagia breki. Dawa kali za maumivu zinaleta usingizi. Mwenye kushikwa na kifafa kinachomuangusha bila dalili hapaswi kukaa kwenye usukani, awe na miguu miwili ao asiwe nayo. Motari aliyepoteza mguu wa kuume hana tena mguu wa kukanyaga breki ya nyuma, na akisimama kwenye mtelemko na abiria wawili mgongoni, pikipiki itamlalia. Kumrudisha kwenye pikipiki ya magurudumu mawili kwa sababu tu anatia huruma ni kuua watu watatu.

Ndiyo sababu kunahitajika kupima kweli. Na kupima kweli hakutoi majibu mawili tu, ndiyo ao hapana. Kunatoa jibu la tatu, ambalo huku kwetu limesahauliwa: ndiyo, lakini kwa gari la namna hii. Motari yule anaweza kukataliwa pikipiki na kukubaliwa gari la otomatiki lenye pedali iliyohamishwa. Huko Ulaya jibu hilo linaandikwa kwenye permi yenyewe kwa namba. Namba 78, kwa mfano, inamaanisha kwamba mwenye permi anaruhusiwa kuendesha gari la otomatiki tu. Polisi wa barabarani akiisoma anajua mara moja kama shofa yuko kwenye gari linalomfaa. Ubelgiji, ambayo ilituachia makaratasi mengi kuliko mashauri mema, iliweka kituo kinachoitwa CARA kwa kazi hiyo: kupima uwezo wa mtu na kutafuta namna ya kurekebisha gari lake.

Wengine watasema hayo ni mambo ya matajiri. Si kweli. Sehemu kubwa ya kipimo haihitaji mashini. Inahitaji karatasi ya herufi ukutani kwa kupima macho. Inahitaji kiti, na mtu anayejua mwili aangalie kama shingo inageuka pande zote, kama mikono ina nguvu, kama vidole vinashika, kama mguu unahisi. Inahitaji saa ya kuhesabu ni haraka gani mtu anahamisha mguu ao mkono toka kwenye mafuta hadi kwenye breki. Inahitaji uwanja mtupu, kisha barabara yenye watu, na mwalimu pembeni. Kazi ya nusu siku.

Watu wa kufanya kazi hiyo wako. Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, ambako watu wanapewa miguu ya bandia na kufundishwa kutembea tena. Wafanyakazi wa vituo vya namna hiyo wanajua viungo vya watu hao kuliko mtu yeyote wa ofisini. Shule za kuendesha gari zinajua barabara. Mafundi wa kuchomelea chuma wanatengeneza baiskeli za magurudumu matatu kila siku. Kinachokosekana ni kuwaketisha watu hao pamoja na wale wanaotoa permi, na kuweka fundi wa magari anayekagua kila fimbo iliyofungwa kwenye breki, kwa sababu fimbo iliyochomelewa vibaya inakatika siku ya mtelemko.

Anayeendelea kuwa na mashaka aende kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi, pale Petite Barrière. Watu wenye ulemavu wamevusha pale mizigo mikubwa kwa baiskeli za mikono, katikati ya umati wa watu. Wanapima nafasi, wanapima uzito, wanafunga breki. Uchumi wa mji mzima umepita mikononi mwao. Wakati wa kubeba magunia hakuna anayeuliza kama wataweza. Swali linaanza siku wanapoomba permi.

Na sheria iko. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya hatua za pekee za kumlinda kulingana na mahitaji yake. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 20 kinadai serkali zimsaidie mtu wa namna hiyo kutembea na kusafiri kwa uhuru wake. Na tarehe 3 Mei 2022 kulitolewa sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni siku moja katika juma ambapo mwenye magongo anapokelewa, anapimwa, na kupewa jibu lililoandikwa.

Jibu lililoandikwa: hilo ndilo la kudai kwanza. Anayekataliwa aambiwe kwa maandishi ni nini kilipimwa, nani alipima, ni nini kimekosekana, na kama anaweza kurudi akiwa na gari lililorekebishwa. Mtu anayelazimishwa kuandika sababu hawezi kuandika «nilimuangalia tu». Vyama vya watu wenye ulemavu, kamati za wakimbizi wa ndani na mashirika ya raia wanaweza kuanza na dai hilo moja, bila kungojea mfadhili.

Na kipimo hicho kikishawekwa, kisiishie kwa wenye magongo. Kila anayeomba permi apimwe macho, apimwe mwendo wa mguu wake kwenye breki, apelekwe barabarani. Hapo wakaaji watajua ni nani kweli asiyeweza kuendesha, na wengi wa hao watatoka ofisini kwa miguu yao miwili.